Sukari Tupu

Jumatatu, 12 Novemba 2018

Daktari kasema moyo umechoka. Mwaka mpya huenda nikauona, huenda nisiuone. Satsuki alilia garini njia nzima. Tulipofika nyumbani akanitilia vidonge viwili vya utamu kwenye kahawa. Sukari marufuku! Nakufa kwa moyo, binti yangu ananilinda na kisukari.

Ladha ile ya vidonge naijua hata usingizini. Miaka kumi na minane nilikuwa mkuu wa maabara ya kiwanda cha machenza ya kopo.

Nimemwambia nina jambo la kuungama. Kasema nimeze dawa kwanza.

Jumatano, 14 Novemba

Leo kanisikiliza. Nusu.

Nimemweleza: mwaka 1969 serikali ilipiga marufuku saiklameti, utamu wa kiwandani tuliokuwa tukiutia kwenye makopo badala ya sukari. Panya wa Marekani walikuwa wameota uvimbe kwenye kibofu. Watu wakaogopa. Dukani wakawa hawagusi kopo lisilo na zile herufi mbili za Kijapani: sukari tupu. Ghala letu limejaa makopo ya zamani. Nikaagiza karatasi zenye herufi hizo, tukayabandika yote. Kilichokuwa tupu ni neno!

Satsuki katoa simu. Anasoma, anasoma. "Baba, Ulaya wanaitumia mpaka leo, kwa kipimo. Wale panya walilishwa kupita kiasi. Hujaua mtu. Lala."

Nani kasema niliua? Haya ya Ulaya siku ile sikuyajua. Siku ile niliamini kansa imo ndani ya kopo — na nikabandika. Nyumbani nilikataza lisiingie hata moja. Yeye alikuwa na miaka mitatu, akiyalilia.

Hilo la mwisho nilimwambia. Kisha akauliza kama nimepata choo.

Ijumaa, 16 Novemba

Baya zaidi sijamwambia. Naliandika hapa kwanza.

Mkaguzi alikuja, akafungua kopo, akapima. Meneja akanigeukia mbele yake: vipi hii? Nikasema binti wa lebo kachanganya mafungu. Tokie, miaka kumi na tisa. Alinitazama mara moja tu. Kisha akainama mpaka kiunoni, akaomba radhi kwa kosa langu. Jioni hakuwa na kazi. Mimi masika nikapandishwa cheo.

Basi.

Jumapili, 18 Novemba

Nimelitoa lote, na jina nikalitaja. Satsuki kashika kiuno: "Bi Tokie? Yule wa kibanda cha machenza pale barabarani? Mbona nanunua kwake kila wiki!"

Kumbe machenza ninayoyala kila msimu ni ya mikono yake.

Halafu, bila hata kuniuliza: "Nimempigia. Anakuja Jumatano." Ningekuwa na nguvu ningerusha kikombe. Miaka arobaini na tisa nimeshindwa kwenda mwenyewe, yeye kayamaliza kwa simu ya dakika mbili!

Jumatano, 21 Novemba

Kaja. Mdogo wa mwili, mgongo umepinda, sauti ya sokoni. "Bwana Mkuu wa Maabara! Bado upo? Nilidhani ulishakauka kama ganda la chenza!" Satsuki kacheka. Mimi pia, aibu tupu.

Nikaanza: "Bi Tokie, mwaka ule —"

"Kunywa kahawa, itapoa."

Nikaanza tena. Satsuki kaleta biskuti. Hivi katika nyumba hii mtu ataungama lini?

Ndipo Bi Tokie alipofungua mfuko wake. Si machenza. Kopo. Limeshika kutu, limevimba, karatasi imegeuka rangi ya chai. Kaliweka mezani taratibu, kama yai.

"Macho yangu siku hizi hayaoni, Bwana Mkuu. Karatasi hii niliibandika mwenyewe. Hebu nisomee mbele ya binti yako. Pameandikwa nini?"

Herufi mbili. Mtoto wa darasa la kwanza angezisoma. Satsuki kaacha kutafuna, ananitazama.

Nikasema ngoja nikachukue miwani.

Nipo chumbani. Naandika. Miwani ninayo usoni, na wote wawili waliiona. Nasikia Satsuki anainuka, anataka kuja kunisaidia kuitafuta. Na Bi Tokie, taratibu kabisa: "Kaa, mwanangu. Mwache atafute. Mimi kungoja nimezoea."