Dakika Kumi na Tano na Sekunde Ishirini na Mbili

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwenye jalada. Wachezaji humwita Babu Hesabu.
Umri: miaka 67.
Kazi: karani wa takwimu wa timu ya mpira wa kikapu, ligi kuu ya taifa. Zamani mwalimu wa hisabati.
Makazi: chumba na sebule, ghorofa ya pili, nyuma ya kiwanda cha magodoro.

Leo ni Jumanne, tarehe 21 Mei, saa tatu na robo asubuhi. Ni mwaka wa thelathini na mmoja tangu niondoke nchini kwangu. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa. Nimekuja kwa sababu kocha wetu amelala mahabusu tangu Jumamosi akidaiwa kumchezesha mgonjwa kinyume cha amri ya daktari, na jambo hilo si lake.

Marehemu, ambaye uwanjani aliitwa Mlingoti, alikuwa nahodha wetu na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa. Alizaliwa baada ya mimi kuondoka. Nilimwona kwa mara ya kwanza miaka minne iliyopita akishuka kwenye basi, naye akiwa na miaka ishirini na mitano. Sikuhitaji kuulizia, kwa maana alikuwa na mwendo wa baba yangu. Siku hiyo dada alinipigia simu akasema, "Mdogo wangu, huyo nimekukabidhi." Tangu hapo tuliishi pamoja.

Msimu ulianza Oktoba, timu kumi na mbili, kila moja mechi ishirini na mbili kabla ya mchujo. Kazi yangu ni kukaa mwisho wa benchi na daftari na saa ya kubonyeza, na kuandika kila mchezaji ameingia lini, ametoka lini, amefunga nini. Vijana walikuwa na utani wao. Walisema nikimaliza hesabu za mechi nihesabu nywele za kocha, sitachukua hata nusu dakika. Kocha mwenyewe alikuwa akicheka kuliko wote.

Mnamo tarehe 9 Februari, saa nne asubuhi, Mlingoti alianguka mazoezini. Hospitali walisema moyo wake umedhoofishwa na homa aliyoipuuza. Daktari wa moyo aliandika barua: acheze dakika kumi na mbili tu kwa mechi, na zisizidi tatu katika kila robo, mpaka apimwe tena mwezi Juni. Nakala ya barua hiyo ninayo, nimeikabidhi.

Kocha ni mtu wa kelele na mbio, akili yake yote huwa uwanjani, hawezi kutazama saa. Kwa hiyo tulikubaliana mbele ya daktari wa timu kwamba hesabu ya Mlingoti ni yangu peke yangu. Dakika zake zikiisha, ninaweka taulo jeupe begani. Kocha akiliona taulo anamtoa, hata kama tunafungwa, bila kuuliza. Tulifanya hivyo mechi kumi na tatu. Mashabiki walinizomea. Mmoja alikuwa akipiga kelele kila nikilishika taulo, "Mzee, kaoge nyumbani." Sikumjali.

Mnamo Ijumaa tarehe 17 Mei, siku moja kabla ya fainali, mimi na Mlingoti tulikuwa jikoni tukikunja nguo. Alisema tukitwaa kombe tutakwenda nyumbani wote wawili, mama yake alishike kwa mikono yake. Nilimwambia aende yeye. Akasema, "Mjomba, hata ukikataa nitakubeba. Wewe na daftari lako."

Hapa naomba niandikwe vizuri. Baba yangu alizikwa mimi nikiwa huku, mama naye hivyo hivyo. Nilikuwa nimejizoesha kusema kwamba mtu harudi mikono mitupu baada ya miaka mingi. Baada ya kijana kwenda kulala nilishusha sanduku kutoka juu ya kabati, nikalipangusa vumbi. Nililiacha wazi kitandani. Kwa hiyo nilikwenda fainali nikiwa mtu anayetaka jambo kwa ajili yake mwenyewe, na kabla ya hapo sikuwahi kukaa benchi hivyo.

Mnamo Jumamosi tarehe 18 Mei, mchezo ulianza saa kumi kamili jioni. Robo tatu za mwanzo alicheza dakika tatu tatu, nikaweka taulo kila mara, akatoka. Robo ya nne aliingia zikiwa zimebaki dakika saba. Zilipobaki nne, dakika zake kumi na mbili zilitimia. Tulikuwa nyuma kwa pointi tano. Nililishika taulo. Yeye alikuwa kwenye mstari wa mtupo huru, akanitazama, akatikisa kichwa kidogo tu, kama mtu anayefukuza nzi. Kisha akafunga mitupo yote miwili.

Sikuweka taulo. Lilibaki magotini kwangu.

Zikiwa zimebaki dakika mbili na sekunde hamsini na moja, kocha aliomba mapumziko mafupi. Alinijia mwenyewe, akainama, jasho lake likadondoka kwenye daftari. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Babu, amebakiza ngapi?"

Nikamjibu, "Mbili."

Haikuwa kweli. Alikuwa amekwisha kupitiliza dakika moja na sekunde tisa. Kocha akaniuliza tena kama nina hakika. Nikamwambia, lini nimekosea hesabu? Akanipiga bega, akaniamini, akamrudisha uwanjani.

Dakika mbili hizo zilipokwisha, kocha aligeuka kulitafuta taulo. Nilimwona. Nikainamia daftari.

Zikiwa zimebaki sekunde arobaini na tano hivi Mlingoti aliudaka mpira chini ya kikapu chetu, akautoa kwa mwenzake, akabaki amesimama pale pale. Wengine walikimbia mbele. Mwenzake akafunga, tukawa tunaongoza kwa pointi moja, na ukumbi mzima ukaruka. Yeye alikaa sakafuni taratibu, kama anayetafuta kitu kilichomdondoka, halafu akalala. Mwamuzi alipiga kipenga zikiwa zimebaki sekunde thelathini na nane. Kocha ndiye aliyemfikia kwanza. Mimi nilichelewa kwa sababu nilisimamisha saa ya kubonyeza kwanza. Nilipofika alikuwa amefumbua macho lakini hanioni. Alifariki njiani kwenda hospitali, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi.

Daftari la mechi hiyo ninalikabidhi kama kielelezo. Ukurasa wa nne mtaona nimeandika muda wake wote bila kupunguza: dakika kumi na tano na sekunde ishirini na mbili. Mkono uliandika kweli wakati mdomo ulikuwa ukidanganya. Siwezi kueleza zaidi ya hapo. Kocha hakuliona daftari, wala hakuwa na sababu ya kulitazama.

Jumamosi hiyo hiyo saa moja na nusu nilimpigia dada. Hakulia. Aliniuliza jambo moja tu, kama mtoto alikuwa amekula. Nikamwambia alikula mchana, akamaliza sahani. Hilo lilikuwa kweli. Habari za dakika sikumwambia. Jana alinitumia ujumbe kwamba mwili unasafirishwa Alhamisi, na kwamba nimlete mimi mwenyewe.

Ninaomba kocha aachiwe. Nimeeleza niliyoyaona na niliyoyatenda kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu, wala sina la kuongeza.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya mpokeaji: Mimi sajenti wa zamu nimemsomea shahidi maelezo haya kwa lugha anayoifahamu. Amesahihisha mahali pamoja; nilikuwa nimeandika "nilisahau kuweka taulo", ameomba isomeke "sikuweka". Nimempa onyo kwamba maneno yake yanaweza kutumika dhidi yake, akasema anajua. Kwa kuwa jina lake limo kwenye orodha ya wasindikizaji wa mwili, nilimuuliza kama anakusudia kutoka nchini siku ya Alhamisi. Jibu lake nimeliandika kama alivyolitamka:

"Mwandikie dada yangu asinisubiri. Mimi sitarudi."