Mama Atuganile, Aliyerina Asali Milimani Juu ya Matema

Mwaka umetimia, mama. Novemba kumi na nane mwaka jana, 1994, ulipanda mti wa muyombo kule juu ya Matema kurina asali, ukaanguka, ukateremshwa mlimani kwa machela. Siku ya pili yake ukatuacha.

Mimi Lameck, kitindamimba wako, ndiye niliyeambiwa niandike. Dada Hosiana ana mwandiko mzuri kuliko wangu, lakini kila akianza analia, karatasi inalowa. Mimi shule niliishia darasa la sita, unajua mwenyewe, ulinipeleka kwa fimbo mpaka mlangoni nikatokea dirishani. Kwa hiyo nitaandika kama ninavyoongea. Karatasi hii itasomwa kanisani Jumapili, na nyingine nitaibandika sokoni.

Mama, ulikuwa na mizinga ishirini na miwili. Baba alipofariki watu walidhani utaigawa. Baba mdogo Yakobo ndiye aliyestahili kuirithi, ila yeye hata ngazi ya kupaulia nyumba anaiogopa. Ukamwambia, "Shemeji, wewe baki chini na moto. Mimi nitapanda." Ukavaa suruali ya marehemu, ukapanda. Matema nzima ilicheka. Mzee mmoja wa pale pwani ya ziwa alikwambia mwanamke kupanda mti ni mkosi. Ukamjibu, "Mkosi ni mwanamume kuramba asali ya mwanamke halafu anahubiri na kidole bado kiko mdomoni." Tangu siku hiyo alikuwa anamtuma mke wake kununua.

Miyombo ikianza kutoa majani mekundu ulikuwa hukai nyumbani. Ulisimama uani asubuhi unanusa, unasema bado, bado, halafu siku moja unasema tayari, maua yamefunguka. Sisi hatukusikia harufu yoyote. Ukipanda kesho yake unakuta kweli, mti mzima unavuma.

Hukumaliza masega. Hilo lilinikera. Tangu biashara iwe ruksa, wanunuzi walikuwa wanakuja na pikapu kutoka Mbeya, wanachukua kila kitu, nta, asali, hata machicha. Nilikwambia, mama, kamua yote, watu wanapata hela. Ukasema, "Na nyuki wenyewe wale nini mvua ikinyesha? Wewe nikikufungia nje na chakula chote nikakibeba, utarudi?" Ukaacha nusu kwa kila mzinga. Ya kuuza ulitia kwenye vyungu vya wafinyanzi wa Ikombe, ukakataa madumu, kwa sababu dumu lililokuwa na mafuta ya taa halisafishiki hata ulisugue na mchanga wa ziwa lote.

Ulikuwa mkali na ulikuwa mwema. Sega la kwanza halikufika nyumbani, liliishia kwa watoto wa njiani. Mama Prisca alipojifungua vibaya, ulimpelekea asali mwezi mzima, na ulikuwa umegombana naye. Siku nyuki alipokuuma kwenye kope ulienda kanisani hivyo hivyo, jicho moja, ukaimba sauti ya juu, na sauti ya juu hukuiweza hata kwa macho mawili.

Sasa nitasema nililokuja kusema.

Kamba yako ya kupandia uliisokota mwenyewe. Magome ya muyombo, unaloweka, unapiga, unasokota mapajani mpaka ngozi inakuwa nyekundu. Mimi wakati ule nilishaanza kuvusha sabuni na sukari kwa baiskeli pale mpakani Kasumulu. Nikaona kamba ya nailoni sokoni Kyela, ya bluu, nene, imetoka nje. Nikakununulia. Nikakwambia, "Mama, acha kusokota magome kama watu wa zamani." Ulifurahi mpaka nikaona aibu. Uliivaa begani ukaenda nayo sokoni, kila unayekutana naye unamwambia, "Ndaga fijo, asante sana kwa Mungu, mwanangu kaniletea." Baba mdogo aliishikashika akasema, "Shemeji, kamba hii siijui." Ukamwambia, "Wewe kamba gani unaijua? Hujawahi kupanda."

Siku ile ulipoanguka mimi nilikuwa Kasumulu. Nilipofika hospitali ulikuwa bado unaongea. Uliniuliza, "Umekula?" Nikasema nimekula. Nilikuwa sijala. Hukuniambia kitu kingine.

Baada ya mazishi Mjomba Hezroni, kaka yako, alisimama uani akamuuliza baba mdogo mbele ya watu, "Kamba iko wapi?"

"Nimeitupa ziwani."

"Kwa nini?"

Baba mdogo akaanza kukusanya viti.

"Mlikuwa wawili. Moto uliushika wewe. Mizinga ilikuwa ya kaka yako. Kamba mpya inakatikaje?"

Akaendelea na viti. Bibi, mama yako mzazi, akapiga yowe kwamba mwanawe amelogwa na shemeji yake kwa ajili ya asali. Watu wakaanza kuokota mawe. Na mimi, mama, sikukaa pembeni. Mimi ndiye niliyeingia ndani kwa baba mdogo nikatoa godoro lake nikalitupa kwenye tope. Nikamwita mchawi. Mtu aliyenifundisha kuendesha baiskeli. Usiku wa siku hiyo hiyo akavuka mto Songwe kwenda Malawi.

Mwaka huu Septemba nilikwenda kuiangalia mizinga yako. Miti ilikuwa imepukutisha majani yote, na kwenye ule muyombo nikaona kitu cha bluu juu. Nikapanda. Ilikuwa mara yangu ya kwanza, nikajua ulichokuwa unakifanya miaka yote ile. Kipande cha kamba kilikuwa bado kimefungwa tawini. Mwisho wake haukuwa umekatika kama kamba inavyokatika, nyuzi nyuzi. Ulikuwa umeyeyuka, umeganda kidonge kigumu cheusi.

Nyumbani kilikuwepo kipande kingine cha nailoni ile ile, tulichofungia mbuzi. Nikakitungika, nikaning'iniza jiwe, nikagusisha kaa la moto. Jiwe lilianguka kabla sijatoa mkono.

Mama, kamba ya magome cheche ikiidondokea inafuka, unaipiga na kofi unaendelea na kazi. Umefanya hivyo mara mia. Mwenge uliokuwa unapanda nao kufukizia nyuki ulidondosha cheche kila siku. Hakuna aliyetuambia kwamba nailoni haingoji kofi. Mimi ndiye niliyeileta.

Nikaenda Karonga, alikokimbilia. Nilimkuta baba mdogo anapalilia mpunga wa watu, amekonda, magoti ndani ya maji. Nikamwonyesha kile kipande. Akakiangalia, akaendelea kupalilia.

"Baba, ulijua?"

"Nilikuwepo."

"Mbona hukusema? Mawe yale yote, mbona hukusema?"

"Mama yako alinikataza. Tulipokuwa tunamteremsha kwenye machela, alinishika shati. Alisema, 'Lameck asijue. Ataibeba kamba hii mpaka azeeke.'"

"Na wewe?"

"Basi nikaibeba mimi. Mimi nimeshazeeka."

Nikampigia magoti pale pale majini. Nikamwambia, baba, turudi. Akaniuliza turudi nyumbani kwa nani. Nikasema kwetu. Akasema, "Mwanangu, mtu akishaitwa mchawi na mtoto aliyemlea, hata akirudi watu watahesabu vifo vya kuku wao." Halafu akauliza nyuki wamo kwenye mizinga mingapi. Nikamwambia mitatu. Wengine wamehama, siafu wameingia, mingine watu wamerina mpaka masega ya watoto wa nyuki, na upande wa kusini wachoma mkaa wamefika. Akatikisa kichwa, akanilisha ugali kibandani kwake, akaniambia niondoke kabla mwenye shamba hajanikuta.

Nikarudi nikawaeleza ndugu. Nikagusisha kaa kwenye kamba mbele yao, wote wakaona. Mjomba akasema, "Huko Karonga umekula nini?" Nikasema ugali. Akasema, "Kwake?" Nikasema ndiyo. Akawageukia wengine, "Mnaona? Ameshamlisha." Bibi akalia upya, safari hii kwa ajili yangu.

Ndiyo maana naandika, mama. Sina njia nyingine. Najua ulitaka nisijue. Ulitumia nguvu zako za mwisho kunificha jambo hili, na mimi nalitoa hadharani. Nisamehe, au usinisamehe, ila mtu mzima hawezi kufa ugenini kwa sababu ya kamba yangu.

Kwa hiyo ninyi mnaosoma na mnaosikiliza: Yakobo hakumloga mama yetu. Hakuna aliyemloga. Mwenye maneno aje kwangu, moto na kamba vipo, nitamwonyesha.

Sitawadanganya kwamba mambo yatakaa sawa. Nimejaribu kuhamishia nyuki kwenye mizinga yako, wameondoka. Harufu uliyokuwa unaisikia uani mimi siisikii, hata nikisimama mpaka jua litoke. Hosiana ameweka suruali yako sandukuni na hataki iguswe. Mwakani sijui kama miyombo yenyewe itakuwepo.

Unakumbukwa na mama yako mzazi Tumpale. Kaka yako Hezroni. Watoto wako Hosiana na Lameck. Wajukuu wako Asifiwe na Wilson. Na shemeji yako Yakobo aliyeko Karonga. Mjomba Hezroni amesema jina hilo likisomwa kanisani atatoka nje na wenzake.

Lisomwe. Watoke.

Sisi tutakaobaki ndani hatutakusahau, mama, siku zote.