Pipa Limesogezwa, Kaburi Lipo

Chumba cha Mtunza Mapipa,
Kituo cha Utafiti,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mpwa wangu,

Pokea salamu zangu, nzito kama magunia ya mahindi. U hali gani? Kile kifua kimepona? Sisi huku tu wazima. Bibi yako analalamikia magoti tu, na mimi mjomba wako bado nina nguvu za mafahali wawili; mmoja akichoka, mwenzake anaamka.

Uliniuliza juu ya kaburi la mama yako. Nakujibu kwanza, usije ukasoma roho ikiwa mkononi: halikuguswa.

Mambo yalikuwa hivi. Wataalamu hapa wanatafuta mvua isiyoonekana. Kitu kidogo kuliko vumbi kinatoka mbali, huko nyuma ya nyota. Kikigonga hewa ya juu kinavunjika, vipande vinavunja vingine, vinazaana hivyo hivyo mpaka vinamwagika ardhini kwa mamilioni, uwanda mzima kwa mpigo mmoja. Ndiyo maana tumepanga mapipa makubwa ya maji, ndani giza totoro. Chembe ikipita, maji yanatoa mwanga na jicho la kioo linauona. Mkuu wa mapipa hayo ni mimi. Bila mimi mbingu zingenyesha bure.

Basi mpimaji akavuta kamba zake, na nafasi ya pipa jipya ikaangukia pale pale alipolala dada yangu. Akachomeka kigingi miguuni pake. Mwanangu, nilimwendea mama profesa, mkubwa wa wataalamu hawa, nikanguruma mpaka mabati ya ofisi yakatetemeka.

Akatoka nami hadi kaburini, akavua kofia. “Nani amelala hapa, mzee?”

“Dada yangu. Ndiye aliyenilea.”

“Basi pipa litasogea. Hesabu tutazirekebisha wenyewe.” Kigingi akaking’oa kwa mkono wake.

Najua ukoo mzima mnasema natia chumvi. Lakini hapa kazini pipa moja likiona mwanga peke yake haliaminiwi; mpaka majirani zake nao waone, ndipo inaandikwa kuwa mvua imenyesha. Kwa hiyo nimewaachia mashahidi nafasi hapo chini, nami sitamsahihisha mtu.

Hukuwahi kumzika, na najua linakuuma. Kila nikimaliza kufuta vumbi kwenye pipa lile, nafagia na kaburi. Mvua hiyo inampitia yeye, inanipitia mimi, na mama profesa anasema hata huko uliko inakupitia, usiku na mchana. Kwa hilo hujawa mbali sana.

Msalimie mumeo, na wanao mapacha wote wawili. Mola akufunike kwa kiganja chake mpaka tuonane.

Wako akupendaye daima,
Mjomba, Mkuu wa Mapipa.

Bibi yako ametia dole gumba hapa.

Mimi mpimaji nashuhudia: kaburi lipo palepale. Kunguruma sikusikia. Kilio nilikisikia.