Mdomo wa Mashariki

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Ninaomba radhi kwa kimya kirefu – ingawa sijui ninamwomba nani, maana humu hasomi mtu ila mimi. Tangu tulipomzika mke wangu, Agatha, sikugusa kalamu. Kila jioni alikuwa akiuliza, "Umeandika nini leo, Mwalimu?" Nami nilikuwa nikimjibu, "Hayakuhusu." Sasa haulizi mtu.

Leo ipo sababu ya kuandika. Josephina, kitinda mimba wetu, amehamia hapa Mkunya kutoka Dar es Salaam. Kazi yake ni ya kompyuta na anaifanyia popote, mradi mtandao uwepo. Nao mtandao unashika upande mmoja tu wa nyumba: mashariki, penye mdomo wa zamani wa kisima. Kisima chetu cha maji ya mvua kina midomo miwili. Wa uani ndio tunaoutumia. Huu wa mashariki kifuniko chake kimeoza na vyura wanatumbukia. Sijamwona mtu akichota hapo. Nimemwita fundi Gideoni, ameuziba kwa zege, bapa kabisa, ili meza ya Josephina ikae.

"Baba, umenijengea ofisi!"

Nikamwambia asikanyage, zege halijakauka. Lakini moyoni nilifurahi.

Jumatano, 6 Novemba

Nimemtaka anieleze kazi yake kwa Kiswahili kilichonyooka. Amejaribu mara tatu. Mara ya tatu nimeelewa.

Ndani ya kila kompyuta kuna programu moja iliyo chini ya nyingine zote. Anaiita kiini. Kumbukumbu ya kompyuta ni kama stoo. Kiini ndicho kinachogawa nafasi kwa kila programu, na kuipokea tena kazi ikiisha. Miaka mingi watu wa nchi mbalimbali wameijenga pamoja, kila mmoja akitoboa mlango wake. Leo stoo ni moja, milango ya kuulizia nafasi ni minne, na majibu hayalingani! Josephina anaisafisha: wote wapite mlango mmoja, mingine ifungwe.

Nikasema hiyo ni kazi ya heshima. Akacheka. "Nimerithi kwako, Baba. Wewe ulikuwa ukisahihisha hata matangazo ya misiba."

Matangazo yale yalikuwa na makosa.

Jumapili, 10 Novemba

Baada ya ibada tumekula ugali wa muhogo na kisamvu. Amepika kama mama yake – chumvi kidogo, nazi nyingi. Nimeongeza.

Akiosha vyombo akaniambia jambo. Mkataba wake unaisha Desemba. Mwajiri wake amesema: kazi hii ya milango ikipokelewa msimu huu, ataongezewa mwaka, naye abaki hapa Mkunya. Isipopokelewa, arudi ofisini Dar es Salaam. Wakaguzi wa kiini wamekwisha kuisoma. Kimebaki kipande cha mwisho, kinachoondoa mlango mkongwe kuliko yote. Mkuu wao, Mjerumani mmoja, ameuliza swali moja tu: yupo anayeutumia? Josephina amepekua kila mahali, hakumwona mtu. Asipojitokeza mwenye pingamizi hadi Jumapili ijayo, kinaingia.

Nampenda Mjerumani huyu. Anauliza kwa ufupi.

Mwaka mzima! Ninakwenda kulala nikiwa na aibu ya kufurahi hivyo.

Jumanne, 12 Novemba

Siku mbaya. Nimetoka kabla jua halijachomoza, nikamkuta Mama Nurdini, jirani yetu wa upande wa mashariki, akipanda njia na ndoo kichwani, akitokea bomba la barabarani. Mwanamke wa umri wake, mlima ule!

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mama Nurdini, maji ya bombani alfajiri yote hii?"

"Ya udhu, Mwalimu. Na ya chai."

Nikauliza kisima chake kina nini. Kumbe kina ufa tangu masika ya mwaka juzi, hakishiki maji. Miaka hii miwili alikuwa akichota kwetu, mdomo wa mashariki, kwa ruhusa ya Agatha. Agatha alimwambia: njoo alfajiri, usibishe hodi, Mwalimu asiamke. Naye akashika agizo hata baada ya aliyelitoa kuzikwa.

Nikamuuliza kwa nini hakuja kuniambia nilipoziba.

"Kisima si chako? Mwenye kisima akifunga, amefunga." Kisha akacheka, ndoo ikatulia pale pale kichwani. "Na wewe Mwalimu ulitufundishia watoto wasiseme kabla ya kunyoosha kidole. Mimi nikawa na ndoo, nitanyoosha kipi?"

Nimempokea ndoo nikaifikisha kwake. Bega linauma. Linastahili.

Sijamwona mtu, niliandika humu juma lililopita. Nilikuwa nimelala!

Nimemsimulia Josephina yote, tukicheka kidogo, maana Agatha alinificha jambo miaka miwili na mimi najiona mjuzi wa nyumba yangu. Josephina aliacha kucheka kabla yangu. Akatazama zege chini ya meza yake.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimejua kwa nini Josephina aliacha kucheka. Leo amenionyesha barua, iliyofika kwa wakaguzi wote siku ile ile ya Jumanne. Ameiandika fundi wa hospitali ndogo huko Bolivia. Kiingereza chake kina makosa kila mstari. Nilitamani kalamu nyekundu. Nikasoma tena, nikaacha kuitamani. Wana mashine kuukuu ya kupimia damu. Waliotengeneza programu yake hawapo tena. Kila inapowaka, programu hiyo huuliza nafasi ya kumbukumbu kwa mlango ule mkongwe. Ukiondolewa, haitawaka. Anamaliza kwa kuomba msamaha kwa kusumbua.

"Wamemjibu nini?"

"Hakuna aliyejibu, Baba. Barua zinafika mamia kwa siku. Mkuu yuko likizo, na msaidizi wake amekwisha kuandika kwamba hakuna pingamizi."

"Na wewe ukinyamaza?"

"Jumapili inaingia."

"Na ukisema?"

"Kipande kinatolewa. Bila hicho, vingine havina maana, naandika upya. Msimu huu umekwenda." Akafunga laptopu. "Unajua maana yake, Baba."

Najua.

Jumamosi, 16 Novemba

Gideoni amekuja na nyundo na tindo. Ananung'unika kwamba Mwalimu humlipa kujenga, kisha humlipa kubomoa, na huku korosho zake zinamngoja. Nimeagiza kifuniko cha bati chenye bawaba.

Meza ya Josephina tumeisogeza hadi ukutani. Mtandao pale unashika na kuachia. Nimemwambia pole. Akasema, "Ni sawa, Baba. Ofisi ilikuwa nzuri."

Mama Nurdini amesikia nyundo, amekuja na ndoo tupu. Alisimama karibu na Gideoni, akanyoosha kidole juu kama mtoto wa darasa la kwanza. Josephina alicheka hadi machozi. Mimi nilisema, "Ndiyo, Mama Nurdini?"

Sasa mdomo uko wazi. Ninaisikia ndoo ikigusa maji, mbali, chini. Josephina ameandika jibu kuhusu barua ya fundi yule. Limekaa mbele yake tangu saa nne, hajalituma.

"Baba, ungekuwa wewe?"

Nimefundisha maisha yangu yote na jibu ninalijua. Nimemwambia chai inapoa. Mwaka mzima ule wa kukaa naye unaniziba kinywa. Na nikisema, nitakuwa nimemfukuza mwanangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Aamue yeye. Ana mama yake ndani yake zaidi ya nilivyodhani.

Nikiinua kichwa ninamwona dirishani. Amepeleka mkono kwenye laptopu, ameurudisha. Anamtazama Mama Nurdini akivuta kamba.

Ninafunga daftari, nikakae naye. Nitaandika akiisha kuamua – hata kama nitakuwa nikiandika peke yangu katika nyumba hii.