Mabamba Yaliyochukuliwa na Malaika

Lyulilo, pwani ya Ziwa Nyasa

Kaka yangu Mbwana,

Salamu zangu zikufikie hapo Pangani ukiwa na afya, na mkeo na watoto. Je, goti la mama linamwacha alale siku hizi? Na kifua chako kinasemaje? Mimi homa ilinishika siku nne, ikaniachia. Mvua za huku hazijui kwisha. Tunasikia mpunga wa Ipinda umefunikwa na maji, na nyumba yetu ya mianzi inavuja palepale ambapo shemeji yako Hamisi anaapa kwamba amepaziba. Unamjua mwenyewe: mashua za Wajerumani anazitengeneza zinaelea, paa la mkewe linamshinda.

Sasa nikueleze lililonifanya nikuandikie. Hamisi alitaka kuhama nchi, na dini pia.

Yupo mtu wa Ngana, jina lake Ambilikile, aliyerudi mwaka huu kutoka machimbo ya dhahabu ya kusini. Huko alimpikia Mmarekani mmoja, na amerudi na koti zito na kitabu cha Kiingereza. Wamisheni wa hapa hawakitambui. Anasema maneno yake yaliandikwa zamani juu ya mabamba ya dhahabu, yakazikwa kilimani huko Amerika, mpaka malaika akamwonyesha kijana mmoja mkulima naye akayafasiri. Ndani mna habari za watu waliotoka upande wa Yerusalemu, wakavuka bahari, wakajenga miji mikubwa katika nchi ile.

Nikauliza swali ambalo angeuliza mtu yeyote aliyewahi kwenda sokoni: hayo mabamba yako wapi, tuyaone? Akasema malaika aliyachukua tena. Nikamtazama Hamisi nikidhani atacheka, wala hakucheka.

Nikaambiwa wapo mashahidi walioyaona. Ni nani? Baba yake yule kijana, ndugu zake, na ukoo mmoja wa majirani. Kaka, kadhi wetu angewarudisha hao makwao kabla hawajakaa. Ambilikile akasema kijana asiye na elimu hawezi kutunga kitabu kirefu vile kwa akili yake. Nikamwambia nyanya yetu hakujua alifu wala be, na hadithi yake moja ilikwenda siku tatu, na kila jini alikuwa na jina la baba yake. Nikamuuliza habari za farasi wanaotajwa mle, maana yeye mwenyewe alitusimulia kwamba farasi wa Amerika walipelekwa na Wazungu juzijuzi tu. Akafikiri, akasema huenda aliyetajwa ni mnyama mwingine aliyefanana na farasi. Kila nilipobana alitoka kwa mlango mwingine, na kila mlango Hamisi alimwitikia kwa kichwa. Hamisi huyu, kaka, ambaye hanunui ubao bila kuugonga mara tatu na kuusikiliza. Nikajua pana jambo nisiloambiwa.

Baada ya siku chache nikamkuta anafungasha randa na misumeno. Meli ikija wataondoka na Ambilikile kwenda kusini, kwa wenye kitabu. Mimi nikitaka nifuate, nisipotaka nirudi Pangani. Alisema hayo huku amenipa mgongo.

Siku ya soko Ambilikile akaja na kigae cha chungu alichookota ufukweni, kina mistari iliyokwaruzwa chini yake. Akakiweka karibu na karatasi yenye herufi ambazo alisema zilinakiliwa kutoka kwenye mabamba. Mistari miwili mitatu ilifanana kweli. Akasema basi watu wale walifika hata huku. Hamisi akakishika kwa mikono miwili.

Nikamnyang'anya, nikaenda nacho moja kwa moja kwa Mama Tupokigwe, mfinyanzi wa Kikisi anayeleta vyungu vyake kwa mtumbwi. Nao wakanifuata. Nikamwamkia kwa lugha ya huku, mugonile, nikampa kigae bila kumwambia neno. Akakigeuza, akakifuta kwa kitenge chake.

"Ndaga, asante mwanangu," akasema, "umeniletea marehemu dada yangu. Tulikuwa tunachoma vyungu kwenye moto mmoja, vinachanganyika, tunagombana. Ndipo akaanza kukwaruza hivi chini ya vyake. Na hiki nilikivunja mimi, tukishusha vyungu mtumbwini, akaninunia siku mbili."

Wanawake wa vyungu wakacheka. Ambilikile hakutikisika. Akasema huenda mkono wa dada yule ulikumbuka yale ambayo mababu waliandika. Nilikasirika, maana kumbe kigae kikikubali ni ushahidi, na kikikataa ni ushahidi vilevile.

Tuliporudi nyumbani nikamwambia Hamisi: umesikia mwenyewe, unataka nini tena? Akakaa juu ya sanduku la vyombo vyake.

"Ambilikile ameniambia watu wa kitabu kile hufungwa kwa ibada pamoja na watoto wao waliokufa," akasema. "Hawatengani tena. Nilitaka Zuhura."

Unajua Zuhura wetu alikwenda kwa homa, mvua za mwaka juzi, na tangu tumzike mimi na baba yake hatujaweza kulizungumza.

Kesho yake nikaenda kwa Ambilikile peke yangu, bila ubishi. Nikamwomba anisomee mahali panaposema hayo ya watoto, na kama kufungwa huko ni kwa mama pia. Akafungua kitabu. Alikipekua mbele, akakipekua nyuma, muda mrefu, nami nimesimama. Kaka, nakuapia, nilitaka apate. Kwa mara ya kwanza nilitaka niwe nimekosea.

Mwisho akakifunga. "Hayo sikuyapata humu," akasema taratibu. "Bwana wangu aliniambia kwa mdomo, tukiwa jikoni."

Ningeweza kunyamaza. Nikarudi nikamweleza Hamisi yote, kwa kuwa sijawahi kumficha kitu. Alisikiliza, akafungua mzigo, akachukua randa, akaenda kazini. Meli imekuja na imeondoka, naye yupo. Paa amelitengeneza, halivuji. Anakula, ananijibu nikimwita. Ila nilipomtaja mtoto jana aliinuka akatoka nje, nami najua mara ya kwanza Zuhura alichukuliwa na Mungu, na mara hii nimemchukua mimi.

Nisalimie mama, usimwambie haya, sema tu wazima. Msalimie mkeo, na shangazi anayekaa nyumba ya uani, na mwalimu wetu wa chuo cha Kurani. Mwombe mwalimu amsomee Zuhura Fatiha, na amtaje jina kwa sauti watu wasikie, maana katika nyumba hii hakuna wa kulitaja.

Ni mimi ndugu yako wa tumbo moja,
Mwanaisha