Ua la Kuvaa Jumapili ya Akina Mama

Kolovai,
Tongatapu,
Tonga.

24 Aprili 2019

Mpendwa Mama wa Mangere,

Zipokee salamu zangu ukiwa umeketi, kwa sababu barua hii ni ndefu na sehemu zake nyingine hazina adabu ya kutosha. Hujambo lakini? Mgongo wa Baba unaendeleaje tangu aondolewe kwenye kazi ya kupakia mizigo? Lupe ameacha kukohoa? Na Vili, bado anamaliza mkate wa nyumba nzima kabla wengine hawajaamka? Nasikia baridi ya Auckland imewahi kufika huko Mangere mwaka huu. Mfunge Baba kiuno kwa kitu cha sufu, hata akigoma.

Mimi ni mzima wa mwili. Bibi Silia wa nyumba ya pili analala hapa kwetu tangu mazishi, na ananilisha lu, yale majani ya magimbi yaliyofungwa na nyama ya kopo, mpaka nguo nyeusi za msiba zimeanza kunibana. Popo wa Kolovai wapo vilevile, wananing'inia mitini mchana kutwa kama wajumbe wa kikao kisicho na ajenda. Nawaonea wivu. Mimi situlii popote: nikikaa nasimama, nikisimama naenda ukumbi wa kanisa, nikifika ukumbini nakumbuka kitabu nilichoacha nyumbani.

Barua yako niliipokea kwa mkono wa binamu Semisi, ambaye ndiye atakayekuletea hii, kwani anarudi huko Ijumaa. Unasema utatua Jumamosi ya tarehe kumi na moja Mei, ili kesho yake, Jumapili ya Akina Mama, uwe kanisani pamoja nami. Nimechagua kalamu kwa kuwa simu imetushinda. Mara ya mwisho wewe ulilia, mimi nikahutubia, na salio likaisha kabla hata mmoja wetu hajamsikiliza mwenzake.

Chuoni tunaendelea na mapambano. Tunadai maktaba isifungwe wakati ambapo mtoto wa mkulima ndiyo kwanza anashuka kwenye basi. Tamko niliandika mimi, kurasa nne, kwa saa moja, na wenzangu walilipigia makofi. Sasa nieleze, Mama wa Mangere, inakuwaje mtu wa namna hiyo ashindwe kwa siku kumi mfululizo kuamua rangi ya ua?

Hilo ndilo jambo langu. Sheria ya siku ile unaijua kuliko mimi: ambaye mama yake yu hai huvaa ua jekundu, ambaye mama yake amefariki huvaa jeupe, na kila mmoja huvaa moja tu, kifuani, mbele ya kanisa zima. Tangu nizaliwe nimevaa jekundu. Mwezi Februari tumemzika Mama. Naomba uniruhusu nimwite Kalolaine hivyo katika barua hii yote, kwa maana sikupata kumwita jina jingine. Nikivaa jeupe tarehe kumi na mbili, wewe utakuwa umepanda ndege kuja kunisikia nikitangaza kwamba umekufa. Nikivaa jekundu, nitakuwa nimetangaza kwamba yeye hakuwa mtu kwangu. Niambie ni jumuiya gani ya watu wenye akili iliyoketi na kumwachia utepe wa satini kazi ya kuamua jambo kama hilo.

Kuna kitu sikukueleza kuhusu mazishi. Baba na wewe mlifika jioni ya siku hiyo, mambo yakiwa yamekwisha. Asubuhi ile nilikwenda kuketi karibu na mwili wake, mahali pa mtoto. Wakaja wazee wa ukoo wakanishika mkono kwa upole kabisa, wakaniambia, "Wewe ni mtoto wa kaka yake. Mahali pako ni jikoni." Kwa desturi walikuwa sahihi, watoto wa kaka huwa chini ya shangazi yao hata akiwa maiti. Nikafungwa kiunoni mkeka mkubwa uliochakaa, vazi la wafiwa wa chini, nikakatwa nywele, nikapelekwa kwenye mashimo ya kupikia. Mwanamke aliyenilea tangu nina wiki sita alifunikwa mchanga huku mimi nikigeuza viazi vikuu kwenye mawe ya moto. Siku ile niliapa kwamba Mei ikifika nitavaa jeupe, nao watalitazama wapende wasipende.

Sasa nikupeleke ukumbini Jumamosi iliyopita, ambako akina mama wanashona maua ya kanisa zima, mia mbili na zaidi. Unakumbuka kazi yenyewe. Unakata utepe wenye upana wa vidole viwili, ncha zake unazipitisha haraka kwenye mwali wa mshumaa ili nyuzi zisichomoke. Unapitisha uzi ukingo mmoja tu, kwa mishono midogo midogo, kisha unauvuta, na utepe unaanza kujikunja wenyewe. Unauzungusha, unashona chini kila mzunguko, unatia majani mawili ya kijani na pini nyuma. Wenzetu wa vijiji vingine siku hizi wanatumia gundi. Mama hakuikubali. Alisema gundi ikipata joto la kanisa, kufika katikati ya mahubiri ua limeshamwangukia mtu mapajani.

Bibi Silia alikuwa anayapanga maua yaliyokamilika kwenye sinia, kila moja na kikaratasi cha jina. Akalisukuma moja jekundu mbele yangu.

"Lako hilo, Lesieli."

Nikalirudisha. "Langu ni jeupe, Bibi. Nitalishona mwenyewe."

"Mama yako si yuko Mangere? Anakula, anapumua, juzi kanitumia blanketi."

Hapo nikasimama. Nakiri kwamba nilihutubia. Niliuliza kama mama ni yule aliyezaa au ni yule aliyekesha; nikauliza ni nani aliyelipatia kanisa hili mamlaka ya kuhesabu wafu wangu; nikasema desturi inayompeleka mtoto jikoni siku ya kumzika mama yake haina haki ya kumchagulia ua. Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Sindano ziliendelea kwenda.

Vika, mke wa karani wa kanisa, ndiye aliyeanza. "Tangu huyu aingie chuo, hata kupiga chafya kwake kuna utangulizi na hitimisho."

"Mwacheni," akasema mwingine. "Atakuwa mbunge huyu, atujengee choo cha ukumbi."

"Atajenga kwa maneno, mwenzangu. Tutajisaidia kwenye hotuba."

Wakacheka mpaka meza ikatikisika. Nikauchukua utepe mweupe, nikaukata kwa hasira, nikauleta kwenye mshumaa kwa hasira hiyohiyo. Satini haiendi na hasira. Mwali ulipanda utepe mzima, na kabla sijaupuliza, weupe wote ulikuwa umegeuka kahawia na kunuka kama nywele zilizoungua. Vicheko vikakoma. Bibi Silia akaninyang'anya mshumaa, akauzima kwa vidole vyake, akaniambia twende nje.

Tulikaa kwenye ngazi za ukumbi. Nilitarajia kukaripiwa. Badala yake aliniuliza swali. "Ulipokuwa mtoto, Jumapili hii Kalolaine alikuwa anakuketisha wapi?"

"Mwisho wa benchi, kando ya njia. Kila mwaka. Nilikuwa nalia nataka kukaa katikati na wenzangu."

"Na ua lako lilikuwaje?"

"Kubwa. Kubwa kuliko ya watoto wote. Nilimwuliza kwa nini, akasema kifua changu kidogo, kinahitaji msaada."

"Na mama yako Seini alikuwa wapi?"

Sikuwa nimewahi kulifikiri hilo, Mama wa Mangere. Ulikuwa kwaya. Ulikuwa mbele, sauti ya pili, umetugeukia.

"Basi na wewe msomi," akasema, "hebu jumlisha."

Akanieleza yaliyobaki kwa maneno machache, kwa sababu kwake yalikuwa ya kawaida tu. Kalolaine alinishonea ua la ukubwa ule ili lionekane kutoka kwaya. Aliniweka kando ya njia ili kichwa cha mtu kisikuzibe. Wewe ulipohamia huko nikiwa na miaka tisa, ua halikupungua hata kidogo, maana sasa lilipaswa kuonekana kwenye picha. Lupe aliwahi kuniambia kwamba sebuleni kwenu kuna picha zangu kumi na mbili, zote za mwezi Mei, na katika zote natazama kando kama mtu aliyeibiwa. Nilidhani ni Baba aliyeziomba.

"Lilikuwa jekundu moja," Bibi Silia akasema. "Huyu anaona ni lake, na yule anaona ni lake. Hawakuulizana hata siku moja. Miaka ishirini na moja, Lesieli. Wewe umekuja na swali lako leo."

Nikamwambia swali halikuja nami, limeletwa na kifo. Akaniambia kifo hakijawahi kuhutubia ukumbini.

Tangu siku ile ndiyo nimepoteza utulivu kabisa. Nilikuwa nimezoea kuwa na kesi dhidi yako, na kesi yangu ilikuwa nzuri: ulipewa mtoto, ukaombwa, ukamtoa. Nimekulaumu maisha yangu yote kwa kutokataa jambo ambalo kwetu hakuna akataaye, kwani dada mkubwa wa mume akiomba, ameomba. Nimesoma madaraka na namna yanavyowafunga watu vinywa. Nimeandika juu yake insha yenye alama za juu. Ila sikuwahi kukuingiza wewe katika insha ile. Nilisahau kwamba mwanamke aliyekuwa akiimba sauti ya pili huku akilitafuta ua benchi kwa benchi alikuwa mmoja wa watu ninaodai kuwatetea.

Sijakwambia haya ili ujisikie vizuri. Bado nimekasirika. Ila sasa sijui hasira yenyewe niiweke wapi, nayo inatembea nami nyumba nzima.

Nilimwuliza Bibi Silia kama siwezi kuvaa yote mawili. Akasema mtu havai mawili. Nikamwuliza sheria hiyo imeandikwa wapi. Akasema, "Imeandikwa hapa," akanionyesha uso wake. Nilitaka kubishana, nikautazama uso ule, nikaona nimeshindwa.

Basi huu ndio uamuzi wangu, na naomba uusome polepole. Nimeshona ua jekundu. Nililifumua mara tatu kwa sababu mishono ilikuwa mirefu kama ya mtu anayekimbia. Mara ya nne limekubali. Ni kubwa. Ni kubwa kiasi cha kuchekesha kwenye kifua cha mtu mzima, na Vika ameshasema litahitaji kiti chake lenyewe. Jumapili nitalivaa, nikae kando ya njia. Wazee walionipeleka jikoni wataliona, na watatikisa kichwa kwa kuridhika, waseme, mnaona, tulijua ni wa Seini. Hilo linanichoma kuliko nilivyoweza kuandika hapa. Nitalivumilia kwa ajili yako.

Na wewe nina deni la kukudai, si la fedha. Utepe mweupe nimeukata upya na ncha zake nimezichoma vizuri safari hii, lakini sijatia sindano. Ni wa Mama. Utakwenda kaburini kwake baada ya ibada, juu ya blanketi lile la mashada ya maua tulilomtandikia juu ya mchanga. Sitaki kuushona peke yangu. Ndege yako inatua Jumamosi saa nane mchana. Usipite kwa mtu kunywa chai, usisimame sokoni; njoo moja kwa moja, kwa sababu unajua Jumapili hapa hakuna anayenyanyua sindano. Utashona nusu, nitashona nusu. Ukiwa umesahau namna ya kuvuta uzi bila kuukata, nitakuonyesha alivyonionyesha yeye.

Kisha tutakapokwenda kaburini, wazee wale wale watakuwepo, maana kila mtu huenda makaburini mchana ule. Nataka ua jeupe uliweke wewe, kwa mkono wako. Na nataka useme, kwa sauti ya kwaya na si kwa kunong'ona, kwamba hapa amelala mama wa Lesieli. Wakilisikia kutoka kwangu watasema ni hotuba. Wakilisikia kutoka kwako hawatakuwa na pa kunipeleka.

Mimi nitavaa lako mbele ya watu. Wewe useme lake mbele ya watu. Kama huwezi, mwambie Semisi anipigie simu kabla hujapanda ndege. Sitakuchukia, ila utepe ule nitaushona peke yangu.

Nisalimie Baba, na umwambie kaburi la dada yake linafagiliwa kila Jumamosi. Msalimie Lupe, na umwombe asizishushe picha zile ukutani. Vili mwambie namdai mkate. Bibi Silia anakushukuru kwa blanketi, na Vika anauliza kama bado sauti yako ya pili inapanda juu bila kupewa ruhusa. Mungu awalinde barabarani na angani, aunyooshe mgongo wa Baba, na akufikishe mapema, kungali na mwanga wa kutosha kuona tundu la sindano.

Wako akupendaye, japo anajifunza sasa,

Lesieli