Kigae cha Bakari Kisichopitisha Moto

Mama mpenzi, shikamoo.

Nimefika Diani salama, na mwanao Bakari ni mzima, ila mimi sijatulia tangu jana. Aliingia mekoni nikipika vitumbua, akatoa mfukoni kigae cheupe, chepesi kama mkate mkavu wa boflo. Alisema wamekitengeneza huko Ulaya, kwenye kiwanda anachofanyia kazi. Akakiweka juu ya makaa mpaka upande wa chini ukawa mwekundu, kisha akabandika kiganja chake upande wa juu. Nilipiga ukelele, Mama. Mkono ukatoka bila hata lengelenge.

"Dada, chombo cha angani kikienda kasi mno, chuma chake huyeyuka kwa joto," akanieleza. "Tukikivika vigae hivi, huenda kikaenda kasi zaidi na kisiungue."

"Huenda?" nikamuuliza. "Na atakayepanda kukijaribu ni nani?"

Akawa anageuza vitumbua vyangu, hanitazami. Mwishowe akasema, "Nimeandikisha jina langu."

Tumepata uhuru juzi tu, naye yuataka kuiacha dunia yenyewe! Nimemsihi, akanicheka. Leo mvua imeacha na samaki ni tele, lakini nimeacha vyote nikaketi kukuandikia. Wewe atakusikiliza. Usimkataze, maana ataondoka bila kuaga. Mwandikie umwulize tu, hicho kigae kimekwisha kumrudisha nani kwa mama yake?

Mola akulinde, na magoti yako yapate nafuu.

Mwanao akupendaye,
Mwanaidi